Padi ya mpira na kikapu kwenye PC: Xbox au PlayStation? Mchezaji wangu anatembea mwenyewe

#1 KiungoMkabaji
Habari wakuu. Nacheza EA Sports FC na NBA 2K kwenye kompyuta kupitia Steam, lile duka la gemu la mtandaoni. Padi ninayotumia ni zile za waya zisizo na jina, umbo la PlayStation, zenye kitufe cha "Analog" katikati na taa nyekundu. Imeanza vituko viwili. Cha kwanza, nikiachia stiki ya kushoto mchezaji haachi kutembea, anasogea mdogomdogo kuelekea mstari wa pembeni kama vile kuna mtu anamwita. Cha pili, mashuti yanatoka kwa kuchelewa, na mengine yanapaa juu ya goli wakati nimebonyeza kidogo sana.

Nimeamua kununua nyingine. Marafiki wamegawanyika, nusu wananiambia Xbox, nusu PlayStation, na kila upande unaapa. Kwa mpira na kikapu tu, sio magari wala vita, ungechukua ipi na kwa sababu gani?

#2 NipoBenchi
Nakaa hapa mbele kabisa. Waje wenye mambo yao.

#3 MtuWaWaya
Xbox, na uzi ufungwe. Windows ni ya Microsoft, padi ni ya Microsoft, ukichomeka inashika hapohapo. Gemu inakuandikia A na padi ina A. Huhangaiki na draiva wala programu ya pembeni. Anayekwambia vinginevyo ana mapenzi yake binafsi.

#4 L1naPembetatu
Mkuu MtuWaWaya punguza jazba. DualShock 4 (ya PS4) na DualSense (ya PS5) zote Steam inazitambua siku nyingi, na gemu nyingi za sasa zinakuonyesha pembetatu na mraba bila shida. Mimi nimekulia kwenye padi hizo, kidole kinajua pasi ya kupenyeza iko wapi bila kuuliza kichwa. Tena kwenye padi ya PS stiki zote mbili ziko usawa mmoja. Kwenye Xbox ya kushoto iko juu, ya kulia iko chini, nikipiga chenga ndefu kwa stiki ya kulia mkono unapinda.

#5 MtuWaWaya
Huo mkono unapinda kwa sababu ya umri.

#6 FundiStiki
Kabla hamjaanza ligi, mleta uzi hajapima ugonjwa. Mkuu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, chagua hiyo padi uingie kwenye sifa zake. Utaona kisanduku chenye alama ndogo ya msalaba. Kwanza usiguse kitu, uangalie umekaa wapi. Halafu sukuma stiki ya kushoto mpaka ukingoni, iachie ghafla, rudia kwa kila upande. Njoo na majibu.

#7 KiungoMkabaji
Nimefanya. Nikiiachia kutoka kushoto, msalaba unarudi karibu na katikati. Nikiiachia kutoka kulia unabaki kulia, chini kidogo, na unatetemeka palepale bila mimi kugusa. Nikigonga padi kwa kidole unaruka.

#8 FundiStiki
Basi stiki imekwisha. Nieleze kwa wote, maana swali hili linarudi kila mara.

Kwenye stiki ya kawaida kuna potenshiometa mbili, moja ya kushoto na kulia, nyingine ya juu na chini. Ndani yake kuna njia ya kaboni na kijichuma kinachoteleza juu yake. Pale kilipofika ndipo padi inajua umesukuma kiasi gani. Kila ukisogeza, kijichuma kinakwangua kaboni, na baada ya muda usomaji unaanza kuyumba, hasa katikati ambako kinapita mara nyingi zaidi. Mpira unaitesa sana stiki ya kushoto kwa sababu haipumziki tangu filimbi ya kwanza. Kikapu kinaimaliza ya kulia.

Dawa yake ni stiki za sumaku, zile zinazoitwa Hall. Edwin Hall aligundua jambo lenyewe mwaka 1879: umeme ukiwa unapita kwenye kipande cha chuma halafu ukaleta sumaku, volteji ndogo inajitokeza kwa ubavuni. Kwenye padi, sumaku inafungwa kwenye stiki na sensa inakaa pembeni. Havigusani, kwa hiyo hakuna cha kukwanguka. Na sio teknolojia ya juzi, padi ya Sega Dreamcast iliyotoka 1998 ilikuwa nayo. Lakini DualSense na padi ya Xbox Series, zote za 2020, zilitoka na potenshiometa. Kwa hiyo kwa ugonjwa huu ligi yenu ya Xbox na PS haimsaidii mleta uzi hata kidogo.

Angalia GameSir G7 SE, ya waya, ina Hall. Au 8BitDo Ultimate 2C. Zote Windows inazisoma kama padi ya Xbox.

#9 KinyoziWaMabeki
Fundi unasifia Hall kama una hisa huko. Njia haichakai, sawa. Lakini springi ni springi, ikilegea stiki hairudi katikati hata kama sensa ni ya dhahabu.

Halafu kuna kitu kingine ambacho watu wanakilaumu kwa jina hilohilo. Ukiiachia stiki ghafla, inapita katikati na kugusa upande wa pili kidogo kabla ya kutulia. Gemu inasoma kwamba umeelekeza huko. Kwenye mpira utaona mchezaji anageuza mwili ghafla, kwenye kikapu anaanza chenga ambayo hujaiomba. Hiyo sio kuchakaa, padi mpya kabisa inaweza kuifanya, na za Hall nimeziona zikiifanya pia.

#10 MrushaTatu
Kinyozi amenigusa. Mimi nacheza kikapu tu na hiyo tabia ndiyo iliyonifanya nibadilishe padi. Kwenye 2K ukirusha kwa stiki ya kulia unaivuta chini, unaishikilia, unaiachia kwa wakati. Kama stiki inaporudi inavuka katikati, mkono unapoteza imani. Ninachoangalia mimi kwanza ni ugumu wa springi, kisha urefu wa stiki. Stiki laini sana inasogea hata kabla sijaamua. Hakuna tangazo linalokuandikia hilo kwenye boksi, lazima uishike.

#11 KidoleNaKibodi
Mnanunua sumaku na sensa halafu mnafungwa na mimi ninayetumia kibodi. Poleni sana.

#12 KinyoziWaMabeki
Kibodi yako ina pande nane tu ndugu. Ndiyo maana kila krosi yako inatoka pembe ileile na mabeki wanakusubiri na kiti.

#13 KidoleNaKibodi
Na bado inaingia.

#14 KiungoMkabaji
Nimejaribu kitu. Nimezima ile taa nyekundu ya Analog. Mchezaji ameacha kutembea kabisa! Ila sasa anageuka kwa pande nane kama wa KidoleNaKibodi, na stiki ya kulia imegeuka kuwa vile vitufe vinne. Nimetaka chenga, nikapiga shuti kutoka katikati ya uwanja.

#15 FundiStiki
Ndivyo zilivyo hizo padi. Taa ikizimika, stiki ya kushoto inafanya kazi kama mishale, vile vitufe vya mwelekeo, yaani imebonyezwa au haijabonyezwa, hakuna kidogo wala nusu. Mtetemo wako mdogo haufikii kiwango cha kuhesabika kama umebonyeza. Ushahidi umetimia, stiki inatembea.

#16 KinyoziWaMabeki
Haujatimia. Umethibitisha kwamba kuna ishara ndogo karibu na katikati, basi. Inaweza kuwa kaboni, inaweza kuwa springi, inaweza kuwa uchafu. Mimi ya kwangu niliifungua nikasafisha kwa isopropili, ile spiriti ya kusafishia, ikatulia kwa muda mrefu.

Na kabla ya kununua chochote: fungua mipangilio ya padi ndani ya Steam, ongeza dedizoni, kile kieneo cha katikati ambacho gemu inakipuuza. Pandisha kidogokidogo mpaka mchezaji asimame.

#17 FundiStiki
Dedizoni inaficha, haiponyi. Ukiipandisha sana unapoteza zile sukuma ndogo. Mshambuliaji yuko ndani ya boksi, unataka aguse mpira taratibu mara mbili kisha ageuke, hatafanya. Atasimama, halafu ghafla ataanza kukimbia. Kwa anayekaba nyuma ni uvumilivu, kwa anayecheza namba kumi ni mateso.

#18 MzeeWaMishale
Nyie vijana. Sisi tuliocheza PES, ile gemu ya mpira ya Konami, kwa mishale miaka yote hatujui hiyo dedizoni ni nini. Pande nane zilitosha, chenga tulipiga, vikombe tulibeba. Padi nzuri kwangu ni yenye mishale inayobonyea vizuri, ambayo ukibonyeza juu haikupeleki juu-kulia. Ile padi ya Xbox 360 ilisifiwa kwa kila kitu ila mishale yake ilikuwa msiba, na hilo lilijulikana dunia nzima.

#19 L1naPembetatu
Mzee heshima yako, ila hao wachezaji wako wa PES kwa mishale walikuwa wanakimbia kwa pande nane tu. Siku hizi mtu anakupita kwa nyuzi kumi za pembe. Mishale sasa hivi kwenye FC inabadilisha mbinu za timu, haiendeshi mchezaji.

#20 MzeeWaMishale
Na bado hamfungi.

#21 PasiFupi
Naona wote mmeng'ang'ania kutembea mwenyewe, mmesahau swali la pili. Mashuti kuchelewa. Mleta uzi, V-Sync, ule mpangilio unaofanya gemu iisubiri skrini ili picha isikatike, imewashwa? Gemu ikienda fremu 60 kwa sekunde, kila fremu inachukua milisekunde 16 na ushei. V-Sync inaweza kuongeza fremu kadhaa za kusubiri kabla hujaona ulichobonyeza. Kama umeunganisha kwenye televisheni na hujaiweka kwenye hali ya gemu, nayo inaongeza yake. Padi ya kawaida ya waya inaripoti mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8. Ile ya mara 1000 inaripoti kila milisekunde 1. Ukinunua hiyo ukaacha televisheni ilivyo, umeokoa milisekunde 7 mlangoni, makumi yanatokea dirishani.

#22 MtuWaWaya
Ndiyo maana nasema waya. Padi ya waya haina betri ya kuisha dakika ya 89 wala Bluetooth ya kusitasita.

#23 SautiYaJukwaa
Mimi natumia ya Xbox kwa Bluetooth na sioni kuchelewa kokote. Padi zote za Xbox One zina Bluetooth, mtu achukue hata iliyotumika.

#24 MtuWaWaya
Sio zote mkuu, usimwingize mtu mkenge. Zile za mwanzo za 2013 hazina. Zilianza kuja nayo kwenye toleo la Xbox One S, 2016. Tazama ile plastiki inayozunguka kitufe chenye nembo ya X. Kama ni kipande kimoja na uso wa padi, ina Bluetooth. Kama ni kipande cha juu kilichoungana na vile vitufe vya LB na RB, haina, kuitumia bila waya utahitaji kipokezi chake maalumu cha USB.

Na ukiletewa ya Xbox 360 isiyo na waya ukaambiwa "chomeka tu waya wa chaji", kataa. Ule waya unapitisha umeme, haupitishi data. Nayo inataka kipokezi chake.

#25 SautiYaJukwaa
Asante kwa hilo la plastiki, yangu ni kipande kimoja.

#26 AntenaFupi
Kwa wanaotumia padi za kipokezi cha USB, zile za GHz 2.4: msichomeke kipokezi ubavuni mwa diski ya nje au flashi ya USB 3. Vifaa vya USB 3 vikifanya kazi vinatoa kelele kwenye masafa hayohayo ya GHz 2.4. Padi inaanza kukatakata, unasema padi mbovu. Hamisha kipokezi mbele ya mashine au tumia waya mfupi wa kurefushia USB, kikae mahali kinapoonana na padi. Mimi nilihangaika na padi niliyoamini imekufa, kilichofanyika ni kuhamisha kipokezi tu.

#27 KiungoMkabaji
Shukrani, ila yangu ni ya waya. V-Sync ilikuwa imewashwa kweli. Nimezima. Picha inakatika vipande nikigeuza kamera, na mashuti yanatoka haraka kidogo, au nadhani yanatoka haraka, sina uhakika. Bado mengine yanapaa.

#28 MfungajiWaPili
Yanayopaa nayajua. Kuna ule umaliziaji wa kubonyeza mara mbili ulioingia kwenye FIFA 19, FC ilipokuwa bado inaitwa FIFA: unabonyeza shuti, kisha unabonyeza tena mguu unapokutana na mpira. Ukipatia wakati, shuti inanyooka. Ukikosea, inakwenda kwa majirani.

Sasa padi iliyochoka ina ugonjwa wa kitufe kurukaruka. Raba iliyo ndani ya kitufe imelegea, unabonyeza mara moja, inasomeka mara mbili. Gemu inadhani umeomba ule umaliziaji, na umeuomba kwa wakati wa hovyo. Nenda kwenye mipangilio ya vidhibiti ya FC, zima. Halafu rudi joy.cpl, bonyeza kitufe cha shuti polepole uone kama ile taa yake inawaka mara moja au inapepesa.

#29 KiungoMkabaji
Duh. Inapepesa. Sio kila mara, ila nikibonyeza kwa ubavu wa kidole inapepesa. Nimezima huo umaliziaji, nimecheza, zinazopaa zimepungua. Hazijaisha.

#30 KocheaNjaa
Hazijaisha kwa sababu unapiga ukiwa unakimbia kasi, mpira uko mguu mbaya, na beki amekushika bega. Wakuu, mnamtibu padi wakati gemu yenyewe inampa mchezaji mwili. Ukibonyeza shuti wakati mguu haujakaa, mchezaji lazima amalize hatua ndiyo apige. Hapo hata ukitumia padi ya mara 1000 utasubiri. Ongeza na mtandao: ukicheza na mtu wa mbali, ulichobonyeza kinasafiri mpaka seva na kurudi. Jaribu uwanja wa mazoezi bila intaneti, mchezaji amesimama, mpira umetulia. Ukichelewa hapo ndiyo ulaumu vifaa.

#31 PasiFupi
Nakubaliana na KocheaNjaa nusu. Ila uwanja wa mazoezi hauondoi televisheni, na mtu hafungi mabao akiwa amesimama.

#32 MenejaWaKiti
Mimi nacheza Football Manager, kazi ni ya kocha, kupanga timu tu. Kipanya kinatosha. Nawasikiliza tu.

#33 NipoBenchi
Huyu ndiye mwenye amani hapa.

#34 ZimaWashaTena
Turudi kwenye kununua, maana kuna jambo hamjamwambia. Kwenye Windows kuna lugha mbili za padi. Ya zamani ni DirectInput. XInput ilikuja na padi ya Xbox 360, na gemu nyingi za baada ya hapo zinaisikiliza hiyo tu. Padi nyingi za bei ya chini zinaongea ya zamani, ndiyo maana mtu anachomeka, Windows inaiona, gemu inamnyamazia. Mleta uzi hajaliona hilo kwa sababu anapitia Steam, nayo inatafsiri: padi yoyote inaipeleka kwa gemu kama vile ni ya Xbox.

Baadhi zina swichi. Logitech F310 ina kiswichi mgongoni, X na D. Ikiwa kwenye D gemu mpya haiioni, unasukuma kwenda X, unacheza. Watu wameirudisha dukani kwa sababu ya kiswichi hicho. F310 haina mtetemo lakini, ukigongwa na beki husikii kitu.

#35 L1naPembetatu
Na ndiyo niongeze kwa wa PS: kama gemu yako haipo Steam, unaweza kuiongeza pale kama gemu ya nje. Au tumia DS4Windows. Ila DS4Windows inatengeneza padi ya Xbox ya kufikirika juu ya ile yako halisi, na gemu inaweza kuona zote mbili. Unabonyeza mara moja menyu inaruka hatua mbili. Dawa ni programu ya HidHide, inaificha ile halisi. Usiwashe DS4Windows na tafsiri ya Steam kwa pamoja, utapigana na vivuli.

#36 MtuWaWaya
Soma hiyo aya halafu uniambie tena kwa nini nisiseme Xbox. Mimi nachomeka, nacheza.

#37 L1naPembetatu
Wewe unachomeka, unafungwa.

#38 ZimaWashaTena
Na zile faili za x360ce ambazo watu wanazipachika ndani ya folda ya gemu ili padi ya zamani isomeke: kwa gemu ya zamani ya kucheza peke yako haina neno. Kwa gemu za mtandaoni zenye mlinzi wa kuzuia udanganyifu, kama FC ambayo imekuwa naye tangu FIFA 23, usipachike kitu kigeni kwenye folda.

#39 MrushaTatu
Mtu atumie DualSense kwa waya au bila waya? Nasikia trigga zake, vile vitufe vya nyuma vya L2 na R2, zinakaza mkono.

#40 L1naPembetatu
Dada, gemu nyingi kwenye PC zinataka waya ili zile trigga zikaze na ule mtetemo wa kina ufanye kazi. Kwa Bluetooth inabaki padi ya kawaida. Binafsi kwenye mpira nazima kukaza. Kukimbia ni R2, unaishikilia nusu ya mechi, ikianza kukaza kidole cha shahada kinalalamika.

#41 MzeeWaMishale
Kwetu PES kukimbia ni R1, kile kitufe kifupi cha juu ya R2, kidole kinapumzika. Na shuti ni mraba, sio duara. Aliyebadilisha mambo haya hakutuuliza.

#42 KinyoziWaMabeki
Hilo la Mzee lina maana kuliko anavyojua. Kama unacheza mfumo wa kukimbia kwa R2, tafuta trigga fupi au yenye kizuizi cha mgongoni kinachoikatisha safari. R2 ndefu ni ya magari, ya kukanyagia mafuta taratibu. Kwenye mpira unataka igonge mara moja. Ila mleta uzi amesema hachezi magari, kwa hiyo hiki kiwe kigezo, na hapa Xbox wala PS hazina kizuizi kwenye padi zao za kawaida. Zinacho za daraja la juu na baadhi ya hizi za kampuni nyingine.

#43 FundiStiki
Na kwa daraja la juu, DualSense Edge ya 2023 unachomoa moduli nzima ya stiki na kuweka nyingine bila kuchomelea. Bado ndani ni potenshiometa, lakini ikichoka unabadilisha kipande, sio padi. Kwa padi ya kawaida kubadilisha ni kuyeyusha na kuondoa risasi ya kuchomelea kwenye miguu zaidi ya kumi bila kung'oa njia za bodi. Nimeona bodi nyingi zimeuawa hapo na watu wenye ujasiri.

Kuna pia TMR, nayo ni sumaku, inakula umeme kidogo kuliko Hall, inafaa padi zisizo na waya. 8BitDo Ultimate 2 imekuja nayo.

#44 KinyoziWaMabeki
Springi bado ni springi.

#45 FundiStiki
Utakufa na springi yako.

#46 JichoKali
Tahadhari kwa anayenunua "ya PS" au "ya Xbox" kwa mtu asiyemjua: bandia ni nyingi na zina boksi zuri. Ikifika, izungushe stiki taratibu kwenye kurasa za mtandaoni za kupimia padi. Ya kweli inachora karibu na duara. Nyingi za bandia zinachora mraba, au zinafika mwisho wa kipimo ukiwa umesukuma nusu tu ya safari. Hiyo ya pili ni mbaya kwa mpira kuliko hata kutembea mwenyewe, maana huna mwendo wa katikati: unatembea, au uko kasi kamili. Pasi nayo inapata pembe za ajabu. Mtu anajiona hajui kucheza.

#47 KidoleNaKibodi
Wengine hawajui kucheza na padi ni halali.

#48 KiungoMkabaji
Wakuu nimejifunza mengi kuliko nilivyouliza. Kwa sasa nimepandisha dedizoni kidogo, V-Sync nimezima, umaliziaji wa mara mbili nimezima. Ninaegemea ya waya yenye Hall, G7 SE au inayofanana nayo, kwa sababu chenga zangu nyingi ni za stiki na sitaki kurudi hapa na swali hilohilo. Kinachonisumbua ni mpangilio wa stiki. Hizi za Hall mlizotaja zote stiki ya kushoto iko juu, na mkono wangu umezoea zikiwa usawa.

#49 MrushaTatu
Utazoea. Kwenye kikapu nilihama, mwanzoni kidole gumba kilikuwa kinaitafuta stiki ya kulia mahali ambapo haipo, baadaye kikaacha. Kilichokataa kuzoeleka ni uzito. Nilichukua nyepesi sana, nikawa naikaba kwa nguvu, viganja vinauma.

#50 L1naPembetatu
Hatazoea. Mimi nilijaribu, nikawa napiga pasi za nyuma kwa hasira.

#51 KocheaNjaa
Tofauti ya mpangilio ni ya kichwani. Gumba la kushoto linashika stiki muda wote, likiwa juu au chini halikuhusu kitu. La kulia ndilo linalohama kati ya vitufe na stiki, na hapo kwenye padi zote mbili stiki ya kulia iko chini ya vitufe vilevile. Nendeni mkaangalie.

#52 L1naPembetatu
Nimeangalia. Pembe sio ileile.

#53 MtuWaWaya
L1naPembetatu, tumalize hili uwanjani. Wewe shika ya Xbox, mimi nishike ya PS, wote kwa waya, bila intaneti. Tuone mkono gani unapinda.

#54 L1naPembetatu
Sawa. V-Sync imezimwa, umaliziaji wa mara mbili umezimwa kwa wote. Na vitufe vyangu vya shuti na krosi navibadilishia nafasi, nacheza kwa mpangilio wa Mzee.

#55 MzeeWaMishale
Hapo sasa naona mpira unarudi kwa wenyewe.

#56 MtuWaWaya
Badilisha hata vyote. Dakika sita kila kipindi, na usiniletee timu ya nyota tano.